Saratani ya mji wa mimba baada ya ile ya titi: ni ile ile au ni mpya, na ukiambiwa uchague matibabu ulinganishe nini na nini

Kama ulishatibiwa saratani ya titi ukamaliza, nywele zikaota, ukarudi kwenye shughuli zako, halafu leo umeshika karatasi inayosema una saratani ya mji wa mimba, najua swali ulilonalo kichwani ni moja tu, ile imerudi? Mama mdogo wangu aliuliza hivyo hivyo hata kabla dokta hajamaliza kuongea. Mi ndo nilikuwa nampeleka kliniki, nabeba mafaili yote mawili, nauliza maswali mpaka masista wakanijua kwa jina, na nilichokiona ni kwamba watu wanaambiwa wachague matibabu wakati hawajaelewa wanachagua kati ya nini na nini. Kwahiyo naweka vitu ubavu kwa ubavu hapa, na pale nilipo na maoni yangu ntayasema.

Ile ile imesambaa, au hii ni nyingine kabisa?

Hili ndo la kwanza kulijua maana mengine yote yanategemea hapo. Saratani ya titi ikisambaa kwa kawaida inaenda kwenye mifupa, maini, mapafu, ubongo. Kufika kwenye mji wa mimba inatokea ila ni nadra sana, na ikitokea mara nyingi ni ile aina ya titi inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa, sio ile ya kwenye mirija ambayo ndo wengi wanayo. Kwa wanawake walio wengi kinachokutwa kwenye mji wa mimba ni saratani mpya, imeanzia hapo hapo kwenye utando wa ndani, na undugu wake na ile ya titi ni kwamba mara nyingi zote mbili zinapenda homoni ya estrojeni, basi.

Sasa kwa nini uhangaike kujua? Kwa sababu njia zinaachana kabisa. Ikiwa mpya na imewahiwa ikiwa bado ndani ya mji wa mimba, matibabu makubwa ni upasuaji na lengo ni kupona, na wengi wanapona kweli. Ikiwa ni ya titi imesambaa, kutoa kizazi peke yake hakumalizi ugonjwa, unatibiwa mwili mzima kwa dawa na lengo linakuwa kuidhibiti uishi nayo kwa muda mrefu iwezekanavyo. Usikubali kulala kitanda cha theatre bila mtu kukuambia wazi ni ipi kati ya hizi mbili.

Na hapa kuna kitu nataka mkiangalie kwa karibu. Ripoti ya zamani ya titi ya mama mdogo ilikuwa imeandikwa ER chanya. Ripoti mpya ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachokatwa kwenda kupimwa, cha mji wa mimba, ukishuka chini karibu na sahihi ya daktari, nayo ER chanya. Ndugu mmoja pale nyumbani akasema si mnaona, ni ile ile. Hapana jamani. ER ni kipokezi cha estrojeni na mji wa mimba kwa asili yake unacho, saratani nyingi zinazoanzia hapo zinakuwa ER chanya bila kuhusiana na titi, kwahiyo hicho kipimo peke yake hakitenganishi. Kinachosaidia kutenganisha ni rangi nyingine ambazo maabara wanazipaka kwenye kinyama: PAX8 kwa kawaida inawaka kwenye saratani ya mji wa mimba na haiwaki kwenye ya titi, na GATA3 kwa kawaida ni kinyume chake, inawaka kwenye ya titi. Ripoti yetu ilisema PAX8 chanya, GATA3 hasi, na dokta alivyotueleza maana yake ndo mara ya kwanza nilimuona mama mdogo anavuta pumzi vizuri wiki ile. Kama kwenye ripoti yako hivyo havijaandikwa na kuna wasiwasi, uliza. Kinyama kinatunzwa maabara ndani ya nta, kinaweza kukatwa tena na kupimwa bila wewe kuguswa, na kama cha titi kilipimwa hospitali nyingine unaweza kuomba vipande viwili visomwe na daktari mmoja.

Na usichanganye na saratani ya mlango wa kizazi. Ile inaletwa na kirusi cha HPV, inatafutwa kwa kile kipimo cha siki au Pap, na ndo inayotangazwa sana huku kwetu Tanzania na Kenya kwa sababu ndo nyingi. Hii ya ndani ya mji wa mimba kipimo cha siki hakiioni. Kwahiyo mtu anayekuambia "mi nilipima mwaka jana ikawa safi" wakati anatoka damu na alishakoma hedhi, mwambie kile kipimo kilikuwa cha kitu kingine, arudi.

Zile tembe za tamoksifeni, zilisaidia au ziliniumiza?

Hapa watu wanaumia roho sana, hasahasa wakisoma mtandaoni kwamba dawa waliyokuwa wanameza kila siku kwa miaka ili saratani ya titi isirudi ndo imeleta hii. Ukweli una pande mbili na inabidi uzishike zote. Tamoksifeni kwenye titi inaziba njia ya estrojeni, ila kwenye utando wa mji wa mimba yenyewe inajifanya estrojeni kidogo, inauchochea ukue. Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha saratani liliiweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani tangu 1996, na bado hiyo hiyo iko kwenye orodha yao ya dawa muhimu, wala hawajakosea.

Chukua utafiti wa ATLAS uliotoka 2012, walilinganisha wanawake waliotumia miaka 5 na waliotumia miaka 10. Kati ya mwaka wa 5 na wa 14, waliopata saratani ya mji wa mimba ni asilimia 1.6 kwa wa miaka 5 na asilimia 3.1 kwa wa miaka 10. Waliokufa kwa saratani hiyo ni asilimia 0.2 kwa 0.4. Sasa angalia upande wa pili, kwa wale ambao saratani yao ya titi ilikuwa ya homoni (ER chanya), waliokufa kwa saratani ya titi kipindi hicho hicho ni asilimia 15 kwa waliosimama miaka 5 na 12.2 kwa walioendelea hadi 10. Yaani dawa iliokoa wengi zaidi kuliko iliowaumiza, kwa mbali. Hatari yenyewe iko zaidi kwa waliokwishakoma hedhi, mabinti ambao bado wanaona siku zao hatari kwao haijaonekana kupanda sana. Kwahiyo aliyekuandikia hakukudhuru na wewe uliyemeza hukufanya kosa, ila ulitakiwa uambiwe kwamba damu yoyote baada ya kukoma hedhi ni ya kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo, na hili kliniki nyingi hawalisemi, wanakupa boksi la miezi mitatu unaondoka.

Tena kuna visababishi vingine ambavyo havina uhusiano na tembe, uzito mkubwa, kisukari, kutozaa, na kwa baadhi ya familia kuna vinasaba. Kama kwenu kuna watu wamepata saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba wakiwa bado vijana, mwambie dokta, kuna hali inaitwa Lynch, na kinyama chako hicho hicho kinaweza kupimwa protini nne kuona kama iko. Hii inawahusu watoto wako na ndugu zako pia, usiiache.

Altrasaundi au kukatwa kinyama

Hii naipitia haraka kwa ambao bado hawajathibitishwa. Kwa mama aliyekoma hedhi ambaye hajawahi kutumia tamoksifeni, altrasaundi ya kuingiza chini ikionyesha utando una milimita 4 au pungufu, inatuliza. Kwa aliyetumia tamoksifeni ile picha inadanganya, utando unaonekana mnene una vijishimo vya maji hata kama hakuna saratani, au picha inabaki nusu nusu haieleweki. Kama unatoka damu na ulitumia hiyo dawa usikubali kurudishwa nyumbani kwa altrasaundi peke yake, kinachojibu ni kinyama. Kuna kale kamrija kembamba kanaingizwa kliniki bila nusu kaputi, kanauma kama tumbo la hedhi kali kwa muda mfupi, na kuna kuingizwa kamera ndani ya kizazi ambako kunaonyesha zaidi ila kunahitaji maandalizi. Kamrija kakikosa kitu na damu ikaendelea, dai kamera.

Na dada zangu, vile vidonge vya kuingiza ukeni na dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, vikae mbali na hili. Damu ikipungua siku mbili tatu mtu anaona amepona, kumbe miezi inakatika na ugonjwa unatoka hatua ya kwanza unaenda ya pili na ya tatu.

Kufungua tumbo au matundu madogo

Hapa ndo pa kuchagua haswa. Upasuaji wenyewe kwa wengi ni kutoa mji wa mimba, mlango wake, mirija na ovari zote mbili. Tofauti ni njia ya kuingilia.

Kufungua tumbo ni kidonda kirefu, unakaa wodini siku kadhaa, unarudi kwenye kazi za nguvu baada ya wiki sita hivi, kidonda kinaweza kuingia wadudu na baadaye unaweza kupata ngiri pale kwenye mshono, hasahasa kwa mama mwenye mwili na kisukari, ambao ndo wagonjwa wengi wa saratani hii. Matundu madogo ni vidonda vitatu au vinne vya sentimita moja hivi, kamera inaingia, maumivu pungufu, wengi wanatoka mapema. Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa wanawake 2,616 uliotoka 2009, waliokaa hospitali zaidi ya siku mbili ni asilimia 52 kwa wa matundu na asilimia 94 kwa waliofunguliwa. Ila kwenye utafiti huo huo karibu mmoja kati ya wanne walioanza kwa matundu ilibidi wafunguliwe katikati ya kazi, kwahiyo hata ukichagua matundu, kwenye ile fomu ya kusaini utakubali na kufunguliwa, jiandae kwa yote.

Swali ambalo kila mtu ana haki ya kuuliza ni je matundu yanaacha saratani nyuma? Kwa saratani hii ya mji wa mimba iliyo hatua ya mwanzo, hapana. Utafiti wa LACE uliotoka 2017, wanawake 760 wa Australia, New Zealand na Hong Kong, baada ya miaka minne na nusu waliokuwa hai bila ugonjwa ni asilimia 81.3 kwa waliofunguliwa na 81.6 kwa wa matundu. Ni sawa sawa. Kwa ya mlango wa kizazi ni hadithi tofauti, huko 2018 ilionekana wa matundu walifanya vibaya zaidi, ndo maana ukikutana na mtu anakuambia "matundu ni hatari" muulize anaongelea ipi.

Maoni yangu, kama daktari wako anafanya matundu mara kwa mara na ugonjwa uko hatua ya kwanza, chukua matundu. Lakini kama hospitali uliyopo wanafungua tumbo na wanafungua vizuri, na ya matundu mpaka usubiri miezi au familia iuze kiwanja, fungua tumbo na usijilaumu hata kidogo, kwa upande wa kupona hujapoteza kitu. Mama mdogo alifunguliwa. Muhimu zaidi ya njia ni mikono, yaani anayekupasua awe mtu wa saratani za wanawake au anafanya kazi na timu ya saratani, maana anajua kuangalia tumbo zima, sio kutoa kizazi kama vile ni cha faibroidi.

Kuna na suala la matezi. Wewe uliyetolewa matezi ya kwapani unajua mkono kuvimba ni nini, zile bandeji, ule uzito, nguo kutoingia. Matezi ya nyonga yakitolewa yote, miguu nayo inaweza kuvimba hivyo hivyo. Siku hizi kuna njia ya kupaka rangi na kutoa yale matezi machache ya kwanza tu yapimwe, na pengine kwa ugonjwa wa daraja la chini, yaani ambao seli zake sio kali, hayaguswi kabisa. Mwambie daktari wa upasuaji mapema kwamba una mkono uliovimba, na wauguzi nao wajue, wasije wakakuchoma dripu au kufunga kipimo cha presha upande ule.

Mionzi ya ndani, mionzi ya nje, au bila mionzi

Baada ya upasuaji majibu ya mwisho yanatoka na ndo yanaamua. Ugonjwa wa daraja la chini ambao haujaingia sana kwenye nyama ya kizazi, wengi hawahitaji kitu zaidi, wanafuatiliwa tu. Ukiambiwa hivyo sio kwamba umetelekezwa, kuna wanaolilia mionzi kwa hofu, mionzi isiyohitajika inaleta madhara bila faida.

Kwa walio katikati, hatari sio ndogo sio kubwa, ndo unakuta kuna kuchagua. Mionzi ya nje unalala chini ya mashine kila siku ya kazi kwa wiki kama tano. Ya ndani wanaingiza kifaa ukeni, unapigwa muda mfupi, mara chache tu, umemaliza. Utafiti wa Uholanzi wa PORTEC-2 uliotoka 2010 uliwalinganisha wanawake 427 wa kundi hili, na ugonjwa kurudi ukeni ndani ya miaka 5 ulikuwa asilimia 1.8 kwa ya ndani na 1.6 kwa ya nje, hakuna tofauti ya maana. Ila matatizo ya tumbo, kuharisha na mengine, mwishoni mwa matibabu ni asilimia 12.6 kwa ya ndani na 53.8 kwa ya nje. Kwa mtu anayetoka Songea au Kigoma na kupanga chumba Dar ili awe karibu na hospitali ya saratani ya Ocean Road, tofauti ya siku chache na wiki tano ni kubwa mno, kwahiyo uliza wazi, "dokta, kwa majibu yangu ya ndani peke yake inatosha?" Kwa ugonjwa uliofika kwenye matezi au aina kali jibu litakuwa tofauti, na hapo usibishane sana.

Mwingine ana wasiwasi kwamba alishapigwa mionzi ya kifua hivyo hawezi kupigwa tena. Nyonga na kifua ni sehemu tofauti, ile ya zamani haizuii hii. Kemo, zile dawa kali za kuua seli za saratani, ndo ina kumbukumbu zaidi. Ile dawa nyekundu ya titi (doksorubisini) ina kiwango cha mwisho ambacho hutakiwi kukizidi maisha yako yote ili isiharibu moyo, na paklitakseli kama ilikuachia ganzi vidoleni inaweza kuiongeza, na paklitakseli ni mojawapo ya dawa zinazotumika kwa mji wa mimba pia. Ndo maana nasema faili la zamani libebe, na kama limepotea nenda pale ulipotibiwa uombe waandike jina la kila dawa na kiwango ulichopata.

Tembe za titi sasa inakuwaje

Tamoksifeni inasimamishwa, hilo wala halina mjadala mrefu. Swali ni unahamia wapi. Kama ulikuwa hujamaliza miaka yako, mara nyingi unahamishiwa anastrozoli, letrozoli au eksemestani. Hizi hazijifanyi estrojeni mahali popote, zinakata utengenezaji wake. Kwenye utafiti wa ATAC waliolinganisha anastrozoli na tamoksifeni kwa wanawake waliokoma hedhi, saratani ya mji wa mimba ilikuwa asilimia 0.2 kwa anastrozoli na 0.8 kwa tamoksifeni, ila waliovunjika mifupa ni asilimia 11 kwa 7.7. Yaani unaondoka kwenye tatizo la kizazi unaingia kwenye la mifupa na maungio. Mama mdogo sasa hivi asubuhi vidole vinakakamaa, kufungua chupa ya maji ni kazi, mpaka atembee tembee na kukanda ndo vinaachia.

Kwa dada ambaye alikuwa bado anaona siku zake, dawa hizi zamani zisingemfaa maana ovari zinafanya kazi, lakini ovari zikishatolewa kwenye upasuaji huu mlango unafunguka, ongea na dokta wa titi kuhusu hilo. Atakayekuja na joto la ghafla usiku na ukavu, asikimbilie dawa za homoni za duka la dawa wala krimu ya estrojeni bila ruhusa, historia ya titi inakataza. Vilainishi visivyo na homoni vipo na havina shida.

Kabla ya kuanza letrozoli au ndugu zake, uliza kipimo cha uzito wa mifupa kama kinapatikana, uliza kuhusu kalsiamu na vitamini D, na tembea kila siku. Na kama ulikuwa umeshamaliza miaka mitano ya tamoksifeni kabla hii haijatokea, inawezekana hauhitaji tembe yoyote tena, kwahiyo wakutanishe daktari wa titi na wa mji wa mimba waliongelee faili lako pamoja, maana tuliona kila mmoja anadhani mwenzake ameshaandika, na wewe ndo unabaki na boksi la zamani kabatini hujui umeze au uache.